Mgeni wa kihamba akisharudi kwake, nini hubaki?

Wageni wanaopanda Uru na Materuni, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kutoka Moshi mjini, mwendo wa kama kilomita 15, hufuata mambo matatu: maporomoko, kahawa ya kutwangwa kwenye kinu, na picha ya mlima kama mawingu yamekubali. Wenyeji wengi wanaowapokea huamini kuna la nne: kwamba mtu akishinda siku nzima kwenye kihamba, shamba la Mchagga linalozunguka nyumba yake, cha kilimo hai, yaani kisichotiwa mbolea ya chumvichumvi wala sumu, anarudi kwake akiwa mtunza mazingira, tena na afya njema zaidi. Imani hiyo si ya uongo, ila ina masharti, na masharti yenyewe ndiyo yanayosahaulika wakati wa kupanga ratiba.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo vipeperushi vya utalii huyafunga kamba moja. Utulivu wa nafsi ni jambo moja, tabia ni jambo lingine. Utulivu huja karibu bure: kivuli, maji ya mfereji yanayopita kati ya migomba, simu isiyoshika mtandao vizuri, chakula cha moto kinacholiwa na watu wengi. Tabia haiji bure. Mtu anaweza kukaa kihambani siku tatu, akalala usingizi ambao hajaupata mwaka mzima, halafu akifika Dar es Salaam akaendelea kutupa maganda ya ndizi kwenye mfuko mmoja na betri za rimoti. Wala si mnafiki. Hakuna alichofanya shambani kinachofanana na kile anachotakiwa kukifanya jikoni kwake.

Kwa maoni yangu shamba hubadilisha tabia pale tu kazi ya mkono iliyofanyika shambani inapofanana na kazi inayomngoja mgeni nyumbani. Yaliyobaki ni mapumziko. Mapumziko nayo yana thamani yake, na tutayafikia, ila tusiyahesabu mara mbili.

Kinachostaajabisha na kinachoigika

Kihamba cha Kichagga kina mengi ya kustaajabisha. Juu kabisa kuna miti mikubwa, mringaringa, mgrevilea, msesewe ambao gome lake huipa mbege, pombe ya ndizi, uchungu wake. Chini ya hiyo kuna migomba, chini ya migomba kuna mibuni, na chini ya mibuni kuna magimbi, maharage na mboga. Viazi vikuu hupanda kwenye miti. Mpakani yamesimama masale. Watafiti wamehesabu zaidi ya aina 500 za mimea katika vihamba vya Kilimanjaro, nyingi zikiwa zimeota zenyewe bila kupandwa na mtu, na mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikitambua kijiji cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa kidunia. Ng'ombe yuko bandani, analetewa majani na vigogo vya migomba, samadi yake inarudi kwenye migomba hiyohiyo. Kahawa yenyewe imekuja juzi tu: wamisionari Wakatoliki wa Kilema ndio wanaotajwa kuileta mwaka 1898, ikaingia katikati ya mpangilio uliokuwepo tayari.

Mgeni akielezwa haya yote atatikisa kichwa kwa heshima. Ataondoka bila cha kufanya, maana anaishi ghorofa ya tatu Sinza, au Rotterdam, na hana ng'ombe.

Chukua mtambo wa gesi ya samadi. Ni kivutio kikubwa: mwenyeji anafungua bomba, anawasha kiberiti, moto wa buluu unatoka kwenye kinyesi. Hesabu yake ni rahisi kueleza. Ng'ombe wawili wa bandani hutoa kama kilo 20 za samadi kwa siku; ukichanganya na maji kiasi hichohicho unapata takriban mita ya ujazo 0.8 ya gesi, inayotosha jiko moja kwa saa mbili hivi. Tope linalotoka upande wa pili linakwenda kwenye migomba. Nchini kwetu CAMARTEC ya Arusha, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, imeifanyia kazi teknolojia hii kwa miaka mingi. Onyesha, ni sawa, lakini dakika kumi zinatosha. Wenyeji wengi huutumia nusu saa mtambo ambao mgeni hawezi kuujenga, kisha wanapita mbio kwenye ndoo ya kuozesha maganda kuwa mboji, ambayo angeweza kuianza kesho yake.

Zanzibar nako ziara za viungo za Kizimbani na Kidichi zina tatizo hilihili kwa sura nyingine. Mgeni ananusa mdalasini, anavishwa kofia ya makuti, anatazama kijana akikwea mnazi huku akiimba. Inapendeza, na inawalipa watu. Lakini mgeni anakuwa mtazamaji tangu mwanzo hadi mwisho. Pua yake inajifunza. Mikono haijifunzi kitu.

Kwa hiyo kabla ya kuweka kituo chochote kwenye ziara, jiulize swali moja: Jumatatu mgeni huyu atafanya nini kwa alichokiona hapa? Kama jibu halipo, kituo hicho ni cha burudani. Kipe muda wa burudani.

Muda wa saa tano shambani

Kundi lisizidi watu wanane kwa mwongozaji mmoja. Wakifika kumi na wawili, wanne wa nyuma hawasikii, hawagusi, wanaanza kupiga picha. Wakiwa wengi, wagawe, kundi moja lianze na udongo na jingine lianze na mboji.

Saa tatu asubuhi, baada ya karibu na chai, nenda moja kwa moja kwenye udongo. Usianze na historia. Tafuta kopo la rangi lisilo na kitako wala kifuniko, la upana wa sentimita 15 hivi. Lipigilie ardhini sentimita tano kwenye njia inayokanyagwa kila siku, mwaga nusu lita ya maji, mwachie mgeni mmoja simu apime muda. Kisha fanya vilevile chini ya mgomba, baada ya kuondoa matandazo kwa mkono. Acha mgeni mwenyewe ayaondoe: juu majani makavu ya migomba yanayopasukapasuka, chini yake yaliyolainika na kuwa meusi, kisha nyuzi nyeupe za kuvu, kisha nyungunyungu wanaojivuta haraka kurudi gizani, na harufu ya udongo uliotoka kunyeshewa. Chini ya matandazo maji huzama huku watu bado wanazungumza. Njiani hubaki yakitazamana nao. Hakuna haja ya kutoa hotuba ya mmomonyoko baada ya hapo. Kinachoharibu zoezi hili ni mvua ya usiku uliotangulia: udongo ukiwa umeshiba maji, sehemu zote mbili zitachelewa na utabaki unaeleza. Siku kama hiyo liruke.

Kutoka hapo nenda kwenye mboji, na hapa usiharakishe. Wageni wajenge tabaka kwa mikono yao, wasitazame. Lundo lenye upana wa mita moja na nusu kila upande na kimo cha mita moja na kuendelea hupata joto. Dogo kuliko mita moja hupoteza joto kabla halijafanya kazi. Chini weka vijiti vya kupitisha hewa, kisha majani makavu sentimita 20, juu yake majani mabichi na maganda sentimita 10, kisha samadi sentimita tano, nyunyiza maji, rudia. Ukikamata mchanganyiko na kuukamua, lichomoze tone moja au mawili tu. Lisilochomoza hata moja ni kavu, likichuruzika limezidi maji. Chomeka mti mrefu katikati. Baada ya siku nne hadi tano lundo zuri huwa na nyuzi joto 55 hadi 65, na ule mti ukiuchomoa huwezi kuushika kwa raha. Ndiyo maana uwe na lundo la pili lililojengwa wiki iliyotangulia: mgeni ajenge moja na achomoe mti kwenye jingine. Anayeshika mti wenye moto uliotoka kwenye majani makavu hasahau.

Eleza pia yanayokwenda mrama, kwa sababu ndiyo yatakayomkuta kwake. Harufu kali ya mkojo inamaanisha mabichi na samadi vimezidi, ongeza makavu. Harufu ya yai viza inamaanisha maji yamezidi na hewa imekosekana, pindua na uongeze majani makavu. Lundo lisilopata joto ama ni kavu ama ni dogo. Mgeni akijua dalili hizi tatu, ndoo yake itaishi. Asipozijua, ataitupa siku ya kwanza itakaponuka na kusema mambo haya ni ya shamba.

Banda la ng'ombe lipitiwe kwa muda mfupi, watoto waruhusiwe kulisha. Baada ya hapo kila mtu anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla hajagusa chakula. Weka kibuyu chirizi cha kunawia palepale mlangoni mwa banda, si jikoni, maana kati ya banda na jikoni kuna mtu atakayepewa ndizi mbivu njiani. Vimelea vya kwenye kinyesi cha ng'ombe havijali kwamba shamba ni la kilimo hai.

Kahawa, na hesabu iliyomo kwenye kikombe

Kahawa iwe ya mwisho. Harufu ya kukaanga ikitangulia hakuna atakayesikiliza habari za mboji.

Msimu wa kuchuma Kilimanjaro ni kati ya Julai na Desemba, ukianzia chini na kupanda kadiri kimo kinavyoongezeka. Katika msimu, mpe kila mgeni kazi ya kuchuma buni 40 zilizoiva, nyekundu tupu, moja moja, bila kung'oa kikonyo. Hiyo ndiyo hesabu ya kikombe kimoja kwa makadirio: kikombe huhitaji gramu 10 hivi za kahawa iliyokaangwa, na kupata kilo moja ya kahawa iliyokaangwa unachuma kilo sita hadi saba za buni. Mtu wa mjini aliyezoea kumwaga nusu kikombe kwenye sinki akihesabu buni arobaini kwa vidole vyake, ameelewa kitu ambacho bango haliwezi kumfundisha. Nje ya msimu sema wazi kwamba hakuna buni mbichi, mwoneshe maua au buni za kijani, endelea na kahawa iliyokaushwa. Kuficha buni chache kwenye friji ili kila kundi lichume za maonesho ni mchezo mbaya, na wageni huugundua.

Hatua zinazofuata zinajulikana, ila kila moja ina mahali inapoharibikia. Kumenya kwa mashine ya mkono: ikibanwa sana inapasua punje, ikilegezwa inapitisha buni nzima. Kuchachusha saa 24 hadi 36 ili utelezi utoke. Baridi ikizidi inachelewa, na ukipitiliza kahawa inachukua ladha ya siki. Kuosha, kisha kuanika kwenye vichanja siku 10 hadi 14 huku ukigeuza, hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 11 au 12. Mgeni hatakaa siku hizo zote, kwa hiyo uwe na sampuli ya kila hatua kwenye sinia. Kukoboa kwa kinu na mchi, kupepeta kwa ungo, halafu moto.

Kwenye moto ndipo makosa mengi huonekana. Chungu kikikaa kwenye miali mikubwa, punje huungua nje na kubaki mbichi ndani. Moto wa wastani, kukoroga bila kuacha, na kati ya dakika ya nane na ya kumi na mbili punje huanza kulia pa, pa. Dakika mbili tatu baada ya mlio huo, ipua na umwage kwenye ungo ipoe, kwa sababu chungu chenyewe kinaendelea kukaanga. Nyimbo za kutwanga ni nzuri, ziimbwe. Lakini angalia kuni zako. Huwezi kumfundisha mtu kutunza msitu huku ukichochea magogo yaliyotoka msituni. Tumia matawi ya mgrevilea na vigogo vya mibuni iliyopogolewa, na useme kwamba ndivyo vilivyo jikoni.

Kuna jambo moja ambalo ziara za kahawa hulipita kimya, nalo ni maji ya kuoshea. Yana sukari na utelezi. Yakiingia mtoni huchacha, hunyonya hewa iliyomo ndani ya maji, na viumbe wa mtoni hufa. Mwoneshe mgeni shimo la maji hayo, lililochimbwa mbali na mfereji. Kama huna shimo hilo, lichimbe kabla hujaweka bango la kilimo hai barabarani.

Kilimo hai kwa cheti, kilimo hai kwa mdomo

Neno lenyewe linatumika ovyo. Shamba ambalo halijatiwa dawa kwa sababu fedha ya dawa haikupatikana si shamba la kilimo hai lililothibitishwa. Afrika Mashariki ina kiwango chake tangu 2007, pamoja na nembo ya Kilimohai, na mkulima mdogo anaweza kuifikia kwa uthibitisho wa vikundi ambapo wakulima hukaguana. Soko la Ulaya linataka zaidi: kwa zao la kudumu kama kahawa, miaka mitatu ya mpito kabla ya mavuno kuuzwa kwa jina hilo. Mwambie mgeni uko wapi katika safari hiyo. Na kama majani ya mibuni yana doa la buluu, usikwepe swali. Mrututu, dawa ya shaba yenye rangi ya buluu, umetumika kwa miongo mingi dhidi ya chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya mbuni, na kutu ya majani, kilimo hai huruhusu dawa za shaba kwa mipaka, na shaba ikirundikana hudhuru udongo. Mibuni chotara inayostahimili magonjwa hayo kutoka Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) ya Lyamungu inapunguza hitaji la kupulizia. Maelezo ya namna hii humfanya mgeni aamini mengine unayosema. Ukimwambia "hapa kila kitu asilia" kisha akaona bomba la kupulizia nyuma ya nyumba, umempoteza kabisa.

Vilevile chupa. Ziara nyingi humgawia kila mtu chupa mbili za maji za nusu lita, halafu mwongozaji anazungumzia uchafuzi. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, lakini marufuku hayo hayakuzigusa chupa. Chemsha maji, weka dumu la lita 20 lenye bomba, waombe wageni waje na chupa zao tangu wanapoweka nafasi, si wanapofika.

Tusisahau ndege. Mgeni anayetoka Ulaya kuja uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) na kurudi ametoa zaidi ya tani moja ya hewa ukaa, na hakuna ndoo ya mboji itakayoifuta. Kwa mazingira peke yake, familia ya Arusha inayopanda daladala ina faida kubwa kuliko yeye, na Wachagga wa mijini wanaorudi nyumbani Desemba kula Krismasi ndio kundi lenye nafasi kubwa kuliko yote: wana kihamba cha baba, wana sauti kwenye ukoo, na kwa kawaida hakuna anayewapangia chochote zaidi ya nyama na mbege. Binafsi ningeanza na hao.

Cha kubeba

Mgeni aondoke na kazi moja, si kumi. Mbili zinafaa watu wengi.

Ya kwanza ni ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko. Toboa matundu kumi hivi kitakoni na mengine kuzunguka ubavu, weka sahani chini. Anza na majani makavu au maranda ya fundi seremala, sentimita tano. Kila konzi ya maganda ya mboga ifunikwe na konzi mbili za kavu. Nyama, samaki, mafuta na ugali visiingie. Koroga kwa mti mara mbili kwa wiki. Ndoo ya kwanza ikijaa, ipumzike miezi miwili hadi mitatu, maana ni ndogo mno kupata joto la lundo, wakati ya pili inajazwa. Nyumba inayokula ndizi kila siku itajaza haraka kuliko inavyotarajia, kwa hiyo maganda yakatwekatwe. Vijinzi wakionekana, tabaka la juu halijafunikwa vizuri. Sahani ikijaa maji, ongeza maranda. Wengi hushindwa kwa kukosa kavu: maganda yapo kila siku, maranda hayapo. Gunia la maranda liwepo kabla ya ndoo.

Ya pili ni bustani ya gunia. Changanya udongo debe tatu kwa debe moja la samadi iliyoiva. Mbichi itaunguza miche. Katikati simamisha kopo refu au kipande cha bomba, lijaze kokoto, jaza udongo pembeni, livute juu, ujaze tena, hadi mdomo wa gunia. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo inayopeleka maji chini. Bila hiyo miche ya juu itazama maji na ya chini itakauka. Mwagilia, acha siku tatu udongo ushuke, kisha toboa matundu ya ubavuni kila sentimita 15 hadi 20 kwa mtindo wa zigizaga. Gunia la ukubwa wa kilo 90 za nafaka hubeba miche 30 ya sukuma wiki ubavuni na mitano au sita juu, na majani ya kwanza huchumwa wiki ya nne hadi ya sita. Linahitaji jua la saa tano kwa siku. Likishiba maji lina uzito wa zaidi ya kilo 150, kwa hiyo kwenye baraza la ghorofani tumia nusu gunia. Jua hulila gunia la plastiki. Ndani ya mwaka mmoja au miwili litapasuka.

Halafu kuna karatasi. Utafiti wa mwanasaikolojia Peter Gollwitzer kuanzia miaka ya 1990 ulionesha kwamba mtu akiandika ni lini na wapi atafanya jambo, hulifanya mara nyingi zaidi kuliko anayeandika nia tupu. "Nitatunza mazingira" ni nia tupu. "Kila nikimaliza kumenya mboga, maganda nayaweka kwenye ndoo iliyo chini ya sinki" ni mpango. Mgeni auandike kwa mkono wake kabla ya kikombe cha mwisho, apige picha, aondoke nayo. Wasaidie wanaokwama: "Dada, hiyo ndoo utaiweka wapi hasa?" Swali hilo moja hufichua kwamba chini ya sinki kuna mtungi wa gesi, na mpango unabadilika hapohapo.

Kwa wanaolala, taulo na maji vina somo lao. Mwaka 2008 Noah Goldstein, Robert Cialdini na Vladas Griskevicius walichapisha jaribio la hotelini Marekani: kadi ya kuomba wageni watunze mazingira ilifanya asilimia 35 hivi watumie taulo tena, kadi iliyosema wageni wengi wa hoteli hiyo hufanya hivyo ilifikisha 44. Sema hivyo kihambani kama ni kweli. Kama si kweli, usiseme.

Kuhusu utulivu

Kwamba mimea humtuliza binadamu kuna ushahidi wa siku nyingi. Mwaka 1984 Roger Ulrich alilinganisha wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania: waliokuwa na dirisha linalotazama miti walitoka mapema na kuhitaji dozi chache za dawa kali za maumivu kuliko waliotazama ukuta. Mwaka 2019 uchambuzi wa watu karibu 20,000 wa Uingereza ulikuta kwamba wanaopata dakika 120 kwa wiki kwenye maeneo ya asili hueleza afya na hali nzuri zaidi. Huo ni uhusiano tu, haututhibitishii sababu, lakini angalia kipimo chake: kwa wiki. Siku moja Uru kwa mwaka haifikii hapo hata kidogo. Ndiyo maana gunia la sukuma wiki lina kazi mbili, linamrudisha mtu kwenye udongo kila asubuhi.

Ratiba iliyojaa huua utulivu. Acha dakika arobaini bila kazi, bila maelezo, baada ya chakula; mikeka chini ya mringaringa inatosha. Waongozaji huogopa ukimya, wanaujaza kwa maneno. Wasijaze. Wanaotoka kushuka mlima jana yake wana magoti yaliyochoka, wapunguzie mwinuko wa kwenda maporomokoni, na wakati wa masika njia ya utelezi inahitaji fimbo na viatu vya kushika, la sivyo utulivu unaishia kwenye kifundo cha mguu.

Chakula kitolewe kwenye masinia ya pamoja, kidogo kidogo, kiongezwe. Mtori, kiburu, mboga. Mabaki yapimwe kwenye mizani mbele yao, wayaone. Na anayepika alipwe moja kwa moja. Kwa mila ya Uchaggani kahawa ni ya baba, ndizi na maziwa ni ya mama. Fedha ya utalii ikiingia kwa jina la kahawa, mama aliyepika mtori, aliyefagia na aliyebeba majani ya ng'ombe anaweza asiione.

Kupima bila kujidanganya

Kitabu cha wageni hakipimi kitu. Kila mtu huandika kwamba amebadilika.

Kwa hali ya nafsi wengi hutumia WHO-5, dodoso la Shirika la Afya Duniani lenye maswali matano, kila moja 0 hadi 5, jumla huzidishwa kwa 4. Kosa la kawaida ni kuyauliza asubuhi na kuyarudia jioni ya siku hiyohiyo. Maswali hayo yanahusu wiki mbili zilizopita, kwa hiyo jioni bado yanapima maisha ya kabla ya ziara. Uliza wakati wa kuweka nafasi, kisha wiki mbili au zaidi baada ya kuondoka.

Kwa tabia, uliza vitendo vinavyohesabika: wiki iliyopita maganda yako yalikwenda wapi? Ulimwaga chakula mara ngapi? Tuma kwa WhatsApp wiki ya sita, maswali matatu tu, na uombe picha ya ndoo kama ipo. Wanaochagua shamba la kilimo hai mara nyingi ni watu waliokwisha kuanza kujali, kwa hiyo majibu mazuri si lazima yatoke kwako. Walinganishe na waliokwisha kulipia ziara ya mwezi ujao na bado hawajaja. Nao ni watu wa namna ileile. Kama makundi yote mawili yanatunza maganda sawasawa, ziara haijaongeza kitu, na wa kubadilishwa ni kituo cha mboji. Wasiojibu wahesabu kama hawajafanya. Na wakijibu kwamba ndoo ilinuka wakaitupa, waulize kama walikuwa na maranda, kisha gunia dogo la maranda liingie kwenye bei ya ziara inayofuata.